Mkeka, Dawati na Kona: Historia Fupi ya Darasa la Awali

Mwaka jana, nikiwa katika kazi ya kuwatembelea wanachuo wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliingia katika darasa la awali la shule moja ya msingi ya serikali. Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si lake. Watoto walikuwa zaidi ya tisini, wameketi sakafuni kwa safu, magoti yamegusana, wakiimba silabi kwa kumfuatisha mwalimu. Ukutani palikuwa na kona nne, kila moja imeandikwa jina kwa kalamu nzito kwenye karatasi ya manila: kona ya hisabati, kona ya lugha, kona ya sanaa, kona ya nyumbani. Vifuu, vizibo vya soda, vijiti vya kuhesabia na mwanasesere wa matambara vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari. Misumari yenyewe ilikuwa juu kupita kichwa changu.

Nilimwuliza mwalimu wa darasa, mama wa makamo mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini, kwa nini vitu vya watoto viko mahali ambapo hata mimi nalazimika kunyoosha mkono. Alicheka kidogo. "Dokta, nikivishusha, kufikia saa nne havipo. Hawa tisini watavigombea. Na mthibiti ubora akija, ataniuliza kona ziko wapi."

Jibu hilo nimelitafakari muda mrefu. Mwalimu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameletewa mtaala unaotaka mtoto ajifunze kwa kucheza, kugusa na kuchagua, naye alikuwa na chumba kisichomruhusu mtoto kunyanyuka. Akaitii karatasi kwa ukuta wake, akautii uhalisia kwa sakafu yake. Makala haya yanauliza tumefikaje hapo. Hoja yangu ni kwamba mtaala wa mtoto mdogo na chumba chake ni kitu kimoja, na kwamba kila mahali vilipotenganishwa, chumba ndicho kilichoshinda.

Wazo la kona halikuanzia katika mihtasari yetu. Lina asili ndefu, na asili hiyo imejaa siasa. Mwaka 1837 Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alifungua kituo cha watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, huko Thuringia, Ujerumani. Mwaka 1840 alikipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Jina hilo halikuwa sitiari tupu. Bustani ilikuwamo kweli: kila mtoto alikuwa na kijitaru chake cha kulima, na pembeni palikuwa na shamba la pamoja. Ndani ya chumba Fröbel aliweka vifaa alivyoviita zawadi: mipira ya sufu ya rangi, tufe, mche duara na mchemraba wa mti, kisha mchemraba uliogawanyika vipande vinane ambao mtoto aliweza kuubomoa na kuujenga upya. Mtaala wake ulikuwa ndani ya vitu hivyo. Ukimwondolea mtoto vitu, hakubaki na somo lolote.

Watawala walilielewa jambo hili haraka kuliko wataalamu. Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo, ikizituhumu kueneza ukanamungu na ujamaa. Fröbel alifariki mwaka uliofuata bila kuona marufuku hiyo ikiondolewa, jambo lililotokea mwaka 1860. Twaweza kucheka leo kwamba dola yenye majeshi iliogopa mipira ya sufu. Lakini dola ile haikukosea kabisa katika hisia yake. Mtoto anayezoea kubomoa na kujenga, kuuliza na kuchagua, si mtoto yuleyule atakayesimama kwenye mstari akingoja amri.

Miaka sabini baada ya Blankenburg, tarehe 6 Januari 1907, daktari wa tiba Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Chanzo chake kilikuwa cha kawaida mno. Majengo ya mtaa ule yalikuwa yamekarabatiwa, wazazi walishinda kazini, na wenye majengo walihofia kwamba watoto waliobaki peke yao wangeharibu kuta na ngazi. Wakatafuta mtu wa kuwakusanya. Elimu haikuwa kusudio lao la kwanza. Walichotaka ni kulinda rangi ya kuta.

Katika siku za mwanzo, Montessori anasimulia, vifaa vilifungiwa katika kabati, na mwalimu ndiye aliyevitoa na kuvigawa. Siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati. Alipofika alikuta watoto wamelifungua, na kila mmoja amekwisha kuchagua anachokitaka. Mwalimu aliuona huo kuwa wizi. Montessori aliona kwamba watoto walikwisha kuvijua vitu kiasi cha kuweza kuchagua. Akaagiza makabati mafupi, yasiyo na kufuli, ambayo mkono wa mtoto ungeyafikia. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa mwanachuo, nikaipita kama kisa cha kupendeza. Nimeielewa vizuri zaidi mbele ya misumari ile. Kati ya kabati lililofungwa na rafu iliyo wazi mna nadharia mbili za mtoto: mmoja ni mwizi anayepaswa kuzuiwa, mwingine ni mwanafunzi anayepaswa kuaminiwa.

Na siasa ikaja tena. Katika miaka ya 1920 Mussolini aliziunga mkono shule za Montessori. Katika miaka ya 1930 walifarakana, na shule hizo zikafungwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wanakijiji wa Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia kaskazini mwa Italia, waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani, wakajenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hiyo akapanda baiskeli kwenda kuthibitisha. Alibaki katika kazi hiyo maisha yake yote. Mwaka 1963 manispaa ya mji huo ilifungua shule yake ya kwanza ya awali, na humo likakomaa wazo kwamba mazingira ya darasa ni mwalimu wa tatu, akiungana na walimu wawili wanaofanya kazi pamoja darasani. Wazo hilo leo limeenea katika mafunzo ya walimu wa awali duniani. Aghalabu tunalinukuu bila kukumbuka kwamba lilizaliwa katika jamii iliyokwisha kuonja ufashisti, ikaamua kwa makusudi kulea watoto wasioinama kirahisi.

Tugeuke sasa kwetu. Ni kosa kudhani kwamba Afrika Mashariki ilikuwa uwanja mtupu. Katika miji ya pwani, kwa karne nyingi, mtoto wa miaka minne au mitano alipelekwa chuoni. Chumba cha chuo kilikuwa na mpangilio wake: mkeka, ubao wa kuandikia, wino, mwalimu aliyeketi chini pamoja na wanafunzi wake. Watoto wa rika mbalimbali walisoma mahali pamoja, mkubwa akimsikiliza mdogo, na kila mmoja aliendelea kwa kasi yake. Aliyehitimu juzuu hakumngoja mwenziwe. Nyumbani kulikuwa na mtaala mwingine usioandikwa: vitendawili na ngano za bibi jioni, mdako wa kuhesabu kwa kokoto, ukuti, kombolela, na kazi ndogondogo zilizopimwa kwa uwezo wa mtoto. Sisemi kwamba hayo yote yalikuwa mema. Bakora ilikuwapo, na kukariri bila kufahamu kulikuwapo. Nasema tu kwamba palikuwa na fikra juu ya mtoto, juu ya mahali pake na juu ya utaratibu wa kumfunza, na fikra hiyo haikuulizwa chochote shule ya kisasa ilipokuja na madawati yake.

Serikali ya kikoloni haikuliona lea la watoto wadogo wa Kiafrika kuwa jukumu lake. Lilipoingia, liliingia kwa sababu nyingine. Katika Kenya ya Kati, wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, vituo vya kuwakusanya na kuwalisha watoto vilianzishwa katika vijiji walikofungiwa watu, wakati mama zao wakipelekwa kwenye kazi za shuruti. Baada ya uhuru, akina mama wa Kenya walilichukua jambo hilo kwa moyo wa harambee, wakajenga shule za chekechea kwa maelfu, kila kijiji kwa nguvu zake. Serikali ilifuata nyuma: mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulianza mradi wa Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer, wa kufunza walimu na kutengeneza zana na mitaala, mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo. Zingatia mpangilio huo. Chumba kilitangulia, mwalimu akafuata, karatasi ikaja mwisho.

Tanzania ilipita njia nyingine. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Sote tunaukumbuka kwa mashamba ya shule na kwa ukosoaji wake wa elimu ya kibwanyenye. Ni wachache wanaokumbuka hoja yake kuhusu umri. Mwalimu aliona kwamba mtoto anayeanza shule akiwa na miaka mitano au sita humaliza darasa la saba akiwa bado mdogo mno kuwa mzalishaji kijijini. Kwa hiyo akapendekeza umri wa kuanza usogezwe mbele. Kwa nchi maskini ambayo wengi wa watoto wake wangeishia darasa la saba, hoja ilikuwa na mantiki. Lakini iliacha pengo. Miaka ya kabla ya saba ikabaki nje ya fikra ya kielimu ya taifa. Maazimio ya Musoma ya mwaka 1974 yalipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, nguvu zote zilielekea darasa la kwanza na kuendelea. Watoto wadogo wakaachiwa vituo vya kulelea mchana, vilivyohesabiwa kuwa sehemu ya ustawi wa jamii na kumsaidia mama afanye kazi, si sehemu ya elimu.

Hata lugha yetu inashuhudia. Kizazi changu kiliita darasa hilo la vidudu. Neno lilikuwa la mapenzi, najua, lakini kidudu ni kidudu: kiumbe unachokivumilia mpaka kikue. Kisha tukasema chekechea. "Elimu ya awali" ni jina la kisera, na lilipata uzito kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, iliyoutambua rasmi mwaka wa tano na wa sita wa mtoto na kutaka shule za msingi ziwe na darasa lake. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mwaka 2016 ukaja mtaala mpya, uliojengwa juu ya umahiri wa kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati. Nimeufundisha mtaala huo; ni waraka mzuri. Ungeweza kuusoma Blankenburg au San Lorenzo na Fröbel na Montessori wangeutambua.

Mwaka huohuo waraka wa elimu bila ada ulianza kutekelezwa. Uandikishaji wa awali ulipanda kutoka takriban watoto milioni moja mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2016. Hilo ni tendo la haki, na sitamruhusu mtu alidharau. Lakini kiwango kilichokusudiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na katika shule za serikali mwalimu mmoja mwenye sifa alijikuta na watoto zaidi ya 100. Vyumba havikuongezeka kwa mwendo wa uandikishaji. Darasa la awali likapewa kilichobaki: stoo iliyofagiliwa, chumba cha kupokezana na darasa la pili, kivuli cha mwembe. Likapewa pia, mara nyingi, mwalimu aliyeonekana hana somo jingine. Kwa hiyo nusu karne baada ya Kenya kuanza na chumba, sisi tulianza na karatasi. Karatasi ikapigiliwa misumari ukutani.

Je, palikuwapo njia nyingine iliyo karibu nasi? Ilikuwapo, na ilianzia Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan wasiwasi wao: watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika shule, na wengi waliingia darasa la kwanza bila maandalizi, huku wazazi wakiogopa kwamba shule ya chekechea ingewatenga na dini na mila zao. Kazi ya kutafuta jawabu alikabidhiwa mwalimu wa kike, Bi Swafiya Said. Hakuanza kwa kuandika muhtasari. Alianza kwa kuketi na wazazi, mtaa kwa mtaa, akikubaliana nao kwamba jamii itatoa mahali na kamati, na kwamba watakaofunzwa ualimu ni wanawake wa palepale. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986 ndani ya madrasa. Mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda.

Ukiingia katika shule hizo, mkeka wa chuo haukuwa umetupwa. Ulikuwa umepangwa upya. Chumba kiligawanywa katika maeneo: pa kujengea, pa vitabu, pa kuigiza nyumbani, pa kuchora. Zana zilikuwa vifuu, magunzi, makombe ya baharini, makopo na vitambaa vilivyookotwa na kushonwa na akina mama. Rafu zilikuwa mbao na maboksi, chini kabisa. Sura na dua zilisomwa, Kiswahili kilizungumzwa, na mtoto alipanga anachotaka kufanya, akakifanya, kisha akakisimulia. Wakufunzi hawakutoa semina ya wiki moja na kuondoka. Walirudi darasani kwa mwalimu tena na tena kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliolinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba waliopitia shule ya awali walisonga mbele kuliko waliobaki nyumbani, na kwamba waliopitia zile za madrasa walisonga zaidi ya wenzao wa shule nyingine za awali.

Sitaki kuutia chumvi mpango huo. Ulitegemea fedha za wafadhili, uligusa shule mamia na si maelfu, na mishahara ya walimu wake ilikuwa mzigo kwa jamii zilizokuwa maskini. Haukuwa, wala haungeweza kuwa, mbadala wa dola. Ninachochukua kutoka kwake ni utaratibu wa fikra. Kwanza waliulizana mtoto huyu ni wa nani na anatoka nyumba gani. Kisha wakauliza ataketi wapi, atagusa nini, nani atakuwa naye. Mtaala ukazaliwa humo.

Sasa tazama tunakoelekea. Mzazi mwenye uwezo, akiona safu zile za tisini, anamkimbiza mtoto wake katika shule ya kulipia. Nami nilifanya hivyo, na sina budi kukiri. Binti yangu akiwa na miaka minne aliitwa kwenye usaili. Aliwekwa mbele ya meza ya mtu mzima, akaulizwa kwa Kiingereza ataje rangi na siku za wiki, huku mimi nikingoja nje kama mwombaji kazi. Alinyamaza. Tuliambiwa hayuko tayari. Chumba nilichokiona kupitia dirisha kilikuwa na rangi na midoli, lakini watoto walikuwa wameketi kwenye madawati wakinakili herufi, na jioni walirudi na kazi za nyumbani. Umaskini una safu zake sakafuni. Uwezo una safu zake kwenye madawati. Tofauti ni ada. Katika vyumba vyote viwili mtoto anafunzwa darasa la kwanza kabla ya wakati wake, na katika vyumba vyote viwili hakuna anayemwamini kuchagua.

Hivi karibuni tumehuisha tena sera na mitaala yetu, na mwaka mmoja wa awali umebaki kuwa wa lazima. Yamkini tutaandika tena miaka kumi ijayo. Ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo, nalo halihitaji mtaalamu kutoka nje. Kabla ya kuchapisha muhtasari mwingine, zihesabiwe sakafu: shule ngapi zina chumba cha awali kilichojengwa kwa ajili hiyo, watoto wangapi wanaingia humo, walimu wangapi wamesomea kazi hiyo. Pasipowezekana watoto 25, wagawanywe asubuhi na mchana kuliko kuwabananisha wote pamoja. Mwalimu wa awali apewe msaidizi kutoka mtaani, bibi au kijana, alipwe kutoka bajeti ya halmashauri, wala asiachwe kwa michango isiyo na uhakika. Na mthibiti ubora afundishwe kuuliza mtoto amegusa nini wiki hii, badala ya kuuliza kona ziko wapi.

Kwa wewe msomaji, ombi ni dogo zaidi. Shule ya msingi ya mtaa wako haiko mbali. Omba ruhusa, ingia darasa la awali, kisha chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto wa miaka mitano. Tazama ni vitu gani mkono wako unaweza kuvifikia ukiwa hapo. Mwanachuo wangu alifanya hivyo baada ya mazungumzo yetu na mwalimu yule. Kabla hatujaondoka alikuwa ameshusha vizibo vya soda, akawagawa watoto kumi kumi nje, chini ya mti, huku wengine wakibaki ndani na mwalimu wao. Ilikuwa vurugu, na vizibo vingi vilipotea. Lakini nilimwona mtoto mmoja akivipanga kwa rangi, akivihesabu, akivivuruga, kisha akaanza upya bila kuambiwa na mtu.